Neno ndani ya mashini ya Carmel

Bukavu, tarehe 22 Aprili 2024

Hervé, mudogo wangu,

Barua hii inakuja na Philémon wa lori. Usishangae kwamba naandika kama watu wa zamani. Simu yangu iko ndani ya kabati, imezimwa. Kwa simu ndiyo uliniambia shimo la dhahabu limemuangukia Carmel wangu, na tangu ile siku siwezi kusikia simu ikilia. Basi nitaandika. Miaka kumi na saba niko secrétaire ku shule, naandika procès-verbal ya kila kikao, hata vile vya watu kugombana juu ya chaki. Kuandika hakunishindi.

Nyumba iko vile mliiacha siku ya kilio. Salon iko tupu, mikeka imekunjwa ukutani. Viti, meza, televisheni, vyote viko bado mu chumba cha Carmel, vimepandana mpaka dirishani. Jirani yangu Godelive alitaka turudishe hata kiti kimoja, akasema haifai mama wa watu kula chakula amesimama. Nikamwambia ngoja. Vitarudi siku ya kuondoa kilio, tarehe 20 Julai. Na unakumbuka vile Maman alitulea: aliyetoa kitu salon ndiye anakirudisha.

Nakula. Nalala. Naenda kazini. Usiniulize zaidi ya hapo.

Nakuandikia juu ya mashini ya Carmel, ile kompyuta alijijengea mwenyewe kipande kwa kipande, sanduku ya huku, feni ya kule, na miye namuambia kila siku ataunguza nyumba. Siku alipoondoka alinipigia akiwa njiani, amefika Mwenga. Akasema: "Maman, usikasirike. Nimekuachia neno ndani ya mashini. Washa tu, utaliona mbele ya yote." Halafu mtandao ukakatika.

Sasa nimeiwasha. Feni inazunguka, taa ya bulu inawaka, halafu ekran inakuwa nyeusi na mustari mumoja mweupe wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza amenitafsiria: eti mashini haioni diski ya kuanzia. Niliizima, nikaiwasha, mara sita. Mara sita ni ule ule mustari.

Wewe ni fundi. Unatengeneza simu na mizani ya dhahabu, na ni wewe ulimufundisha Carmel kushika tournevis, bisibisi ya mafundi, akiwa na miaka tisa. Niambie nifanye nini. Nataka kusoma hilo neno kabla ya tarehe 20 Julai. Watu watakuja, watakula, watasema sasa imekwisha. Kwangu haiwezi kuisha wakati mutoto hajamaliza kuniambia ni nini kilimutoa nyumbani.

Dada yako,
Domitille


Kamituga, tarehe 3 Mei 2024

Yaya Domitille, dada yangu mukubwa,

Philémon amenikuta nimezungukwa na mizani tatu za wanunuzi wa dhahabu, kila mwenyewe anaapa kwamba ya mwenzake ndiyo inaiba. Nimeacha zote, nimekujibu kwanza. Hapa mvua inapiga, barabara imekuwa uji, usishangae jibu likichelewa.

Usihangaike hata kidogo. Hizi mashini za kujengwa nyumbani ziko na kiburi, leo inakubali, kesho inakataa, bila sababu. Fanya hivi, polepole.

Angalia nyuma na mbele kama kuna clé USB imebaki. Ikiwa iko, itoe. Wakati mwingine mashini inang'ang'ania kutafuta mwanzo wake pale, inasahau diski.

Halafu angalia umeme. Jioni watu wote wa mtaa wanapika, courant inakuwa chini, diski haipati nguvu ya kuzunguka. Jaribu saa sita ya muchana.

Ikikataa bado, izime. Ukiiwasha tena, bonyeza mara nyingi kitufe kilichoandikwa "Suppr". Utaona ukurasa wa bulu. Angalia tarehe. Ikionyesha mwaka wa zamani, ile betri ndogo ya ndani imechoka, na mashini imesahau kila kitu pamoja na diski. Chini utaona pia orodha ya diski. Andika vile unavyoona, uniletee.

Lakini usiifungue, Yaya. Nakuomba. Ndani umeme unabakiaka hata ukitoa fiche ukutani. Mikono yako ni ya kalamu.

Na hilo neno, usiliwekee uzito sana. Vijana wanaandikaka mambo mengi. Unajua mimi mwenyewe nilishituka vile nilimuona hapa sokoni mwezi wa kwanza. Nikamuuliza, na maman yako anajua? Akacheka tu. Angekuwa na kitu kikubwa cha kusema angekuambia.

Kula vizuri.

Hervé


Bukavu, tarehe 16 Mei 2024

Hervé,

Nimefanya yote. Nakuandikia kwa utaratibu.

Clé USB: hakuna, mbele wala nyuma. Umeme: nimejaribu saa sita siku ya Jumamosi, taa ya nyumba ikiwa nyeupe kabisa. Mustari ni ule ule. Kitufe cha "Suppr": nimebonyeza mpaka kidole kikauma, ukurasa wa bulu ukaja. Tarehe iko sawa, saa iko sawa, imepungua dakika mbili tu. Basi betri ndogo haina kosa. Orodha ya diski: kuna mistari mine, na yote mine iko tupu.

Nimeona pia kitu kingine. Mashini imefungwa. Carmel hakuifungaka. Kifuniko cha ubavuni kilikaa miaka miwili nyuma ya mlango wa chumba chake, na nikimugombeza juu ya vumbi ananijibu, "Maman, inahitaji kupumua." Sasa kifuniko kiko mahali pake, kimekazwa na vis nne, skrubu za kuzungusha. Tatu nyeusi, moja ndogo ya njano. Nafikiri aliifunga kabla ya kuondoka, kwa ajili yangu na vumbi langu. Nilikaa kitandani kwake, kati ya viti, nikaangalia zile vis muda murefu. Ilinifurahisha kidogo. Ni kitu cha kwanza kilichonifurahisha.

Ku shule hawajui tena waniite nani. Tangu nimuzae, miaka ishirini na miwili, nilikuwa Mama Carmel, hata kwa mufagiaji. Juzi directrice Martine alinikuta mu corridor, akaanza, "Mama...", akasimama pale, akamalizia "Madame". Sasa wote ni Madame, Madame. Siwachukii. Naitika.

Niambie kinachofuata.

Domitille


Kamituga, tarehe 30 Mei 2024

Yaya,

Samahani nimechelewa, nilikuwa na homa.

Ikiwa mistari yote iko tupu, ni kwamba diski imekufa. Hakuna njia nyingine. Haikuwa mpya, Carmel aliitoa mu mashini nzee ya ofisi fulani, ilikuwa imeshachoka. Ndani kuna sahani inazunguka na kasindano kanakosoma. Kasindano kakianguka juu ya sahani, imekwisha, hata Bukavu yote hakuna mutu wa kuifufua. Usiipeleke kwa mafundi wa mjini. Watakuambia wanajaribu, wataibadilishia vipande vizuri, watakurudishia sanduku.

Iache. Nitakuja tarehe 20 Julai na diski mpya, nitaiweka mwenyewe, mashini itawaka kama zamani. Utaandikia barua zako za shule.

Neno la Carmel tulilijua, Yaya. Alikupenda. Ni neno gani lingine?

Hervé


Bukavu, tarehe 10 Juni 2024

Hervé,

Hukunijibu juu ya vis ya njano. Nilifikiri umesahau. Soma mpaka mwisho.

Kwanza nikuambie kitu sikumuambia mutu, hata padiri. Carmel alikaa kwako Kamituga siku sabini na sita. Siku zote hizo mashini ilikuwa salon, nzima, na mimi sikuiwasha. Nilikuwa nimekasirika. Aliniuliza mara mbili kwa simu, "Maman, umesoma?" Nikamujibu, "Rudi unisomee mwenyewe, mdomo hauna wewe?" Nilitaka arudi. Nilifikiri nikisoma nitakuwa nimemukubalia. Basi nilipita mbele ya ile mashini asubuhi na jioni, nikaipangusa vumbi juu, nikaiacha. Ndiyo sababu siwezi kuiacha sasa. Usiniambie tena niiache.

Jana, siku ya Yenga, nikitoka misa, nilichukua kisu cha meza nikafungua kifuniko. Procès-verbal ni hii.

Ndani kuna vumbi la miaka miwili, jeusi-jeusi, limelala juu ya kila kitu. Juu ya feni, juu ya nyaya, juu ya vyuma. Mahali pamoja tu hapana vumbi. Ni chini, mbele, mu kibanda cha chuma. Pale kuna alama safi, ndefu kama kiganja changu. Pembeni kuna matundu mane ya vis, hayana vis. Juu yake nyaya mbili zinaning'inia, moja bapa nyekundu, nyingine yenye rangi nyingi, na mbele yake hakuna kitu.

Diski haikufa. Diski haiko.

Nikarudi kuangalia vis ya njano. Niliiweka kiganjani. Naijua. Mwaka jana ulinitengenezea mizani yangu ya jikoni, na mahali vis yake ilipotea uliweka moja ya njano kama hiyo. Ulisema hizo ni za mizani ya dhahabu tu, hazishiki kutu. Unazibebaka mu mufuko wa shati. Siku ya mazishi, ulipoinama kutupa udongo, zililia mfukoni mwako. Nilizisikia.

Na siku ya kilio, wanawake wakitandika mikeka, ni wewe uliyebeba mashini toka salon mpaka chumbani. Ulifunga mlango. Ukakaa mule muda. Godelive akataka kugonga, nikamukataza. Nilimuambia, "Muache, analilia mutoto wa dada yake."

Sikuulizi kama ni wewe. Nakuuliza kwa nini. Na diski iko wapi.

Domitille


Kamituga, tarehe 21 Juni 2024

Yaya,

Diski ni hii. Nimeifunga ndani ya soksi, halafu ndani ya kopo la maziwa, Philémon ameahidi kuibeba mbele kwenye kiti chake, si nyuma na mizigo.

Ni mimi niliitoa. Vis moja ya kifuniko iliniponyoka ikaingia chini ya kitanda, na nje watu walikuwa wanaimba, niliogopa mutu ataingia. Nikachukua ile ilikuwa mufukoni. Sikufikiri utahesabu vis. Ningepaswa kujua, wewe unahesabu kila kitu.

Nimekuandikia uongo toka mwanzo. Clé USB, courant ya jioni, betri. Nilijua mistari mine itakuwa tupu. Nilikuwa nasubiri uchoke. Nilikuandikia "usiifungue" usije ukaona mahali patupu.

Sikukutana na Carmel sokoni kwa bahati. Ni mimi nilimuita. Alinipigia mwezi wa kumi na mbili, akaniambia yuko na shida ya masomo, hawezi kukuangalia usoni. Nikamuambia kuja kwangu, nitakufundisha kazi ya mizani, usimuambie maman yako, atakukataza. Nilifikiri ni wiki chache. Alikuja, akafanya vizuri, ana mikono mizuri kunipita. Halafu kazi ikapungua, akaona vijana wenzake wanashuka ndani ya mashimo, akataka. Ningemukataza angenisikia, Yaya. Aliniuliza. Nilimupeleka mwenyewe kwa PDG, mukubwa wa shimo, ni rafiki yangu. Mimi nilimununulia taa ya kichwa.

Carmel aliniambia amekuachia neno ndani ya mashini. Hakuniambia ameandika nini. Nilipokuja na mwili wake njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba umeshawasha, umeshasoma jina langu. Nilipofika ukanikumbatia. Nikajua hujasoma. Na kisha nikabeba mashini.

Diski imekaa miezi mitatu chini ya meza yangu ya kazi. Niko hapa na mashini ya kuisoma. Sijaisoma. Mara nyingi nimechukua waya mkononi, nikaurudisha. Sina moyo.

Kuirudisha ni rahisi. Toa fiche ukutani kwanza. Iingize mu kibanda, maandiko yakiangalia juu. Waya bapa iko na kona moja ndani ya mudomo wake, inaingia upande mumoja tu, usiilazimishe. Ile ya rangi nyingi vilevile. Vis zake nne ziko ndani ya kopo, nimezifunga na karatasi. Ukiiwasha, subiri. Inachukuaka muda.

Utakaposoma utajua yote. Siombi kitu. Tarehe 20 sitakuja, nafikiri ni vizuri zaidi.

Hervé


Bukavu, tarehe 4 Julai 2024

Hervé,

Kopo limefika. Nimeweka diski mwenyewe, waya bapa, halafu ile ya rangi. Sikulazimisha. Nikaiwasha saa sita ya muchana. Mustari wa Kiingereza haukuja. Ekran ilikaa nyeusi muda, nikahesabu mpaka arobaini na moja, halafu ikaja picha ya ziwa aliyoipiga toka ku mulango wetu, na katikati barua moja ndogo imeandikwa MAMAN, nikaifungua.

Nakunakilia vile ilivyo. Sikubadili kitu.

"Maman, usikasirike. Nimeanguka mwaka. Matokeo yalitoka mwezi wa kumi, sikuwa na uso wa kukuambia. Asubuhi nilikuwa natoka na cahier ya masomo kama kawaida, naenda kukaa kando ya ziwa mpaka saa nane, halafu narudi nasema professeur alituchelewesha. Unanipakulia chakula. Hiyo ndiyo ilinishinda, Maman, kupakuliwa chakula. Naenda Kamituga kujaribu kazi. Hakuna mutu aliyeniita, ni kichwa changu mwenyewe. Tonton Hervé hajui hata kidogo, atashituka akiniona. Usimugombeze. Nitarudi kwa Pasaka na nitakuambia yote kwa mdomo. Usifunge kifuniko cha mashini, inahitaji kupumua. Carmel wako."

Ni hayo tu.

Alirudi kwa Pasaka. Tulimuzika siku moja kabla yake.

Unaona, Hervé. Hakukushitaki. Alikukinga, vile mulivyopatana au vile moyo wake ulimutuma, sijui. Ungeacha ile diski mahali pake, ningesoma hivi, ningeamini, na mpaka kufa kwangu ningekushukuru kwamba ulimupokea vizuri. Kosa lako umeliandika wewe mwenyewe, na kalamu yako, katika barua yako ya tarehe 21 Juni. Hakuna mutu mwingine aliyeliandika mahali popote.

Nimesoma mara moja, nikazima. Nililala mapema. Asubuhi nikaenda kazini, nikaandika procès-verbal ya kikao cha wazazi, kurasa tatu, bila kosa. Nilikuwa nasubiri kulia, haikuja. Nilikuwa nasubiri kukuchukia, hiyo nayo haikuja. Kitu kimoja tu ninacho. Neno la mwisho la mutoto wangu liko na uongo ndani, na uongo huo alinidanganya kwa ajili yako. Na mimi nililiacha salon siku sabini na sita bila kulisoma. Tuko wawili.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi kimekunjwa. Ni vis yako ya njano. Rudisha mahali pake, kuna mizani ya mutu inaingoja.

Unaandika kwamba tarehe 20 hutakuja. Utakuja. Sisemi nimekusamehe, wala sisemi sijakusamehe, sina kitu ndani cha kusemea. Viti, wengine watavirudisha. Meza, televisheni, wengine watabeba. Mashini ni wewe uliyeitoa salon, ni wewe utakayeirudisha. Utaiweka mahali pake karibu na dirisha, mbele ya watu wote, utaichomeka, utaiwasha. Itachukua muda, watu watangoja. Halafu utasoma lile neno kwa sauti. Ukifika pale anaposema hakuna mutu aliyeniita, utasimama, na utasema mwenyewe unachopaswa kusema. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti kilicho karibu nawe.

Usilete diski mpya. Hii inafanya kazi.

Dada yako,
Mama Carmel